Vijiti Sita vya Eugen Schnaidt

Jirani yangu wa ghorofa ya chini, Eugen Schnaidt, ana pua kubwa, maneno machache, na chumba cha kufulia nguo ambamo hakuna anayefua. Mashine za kufulia za nyumba nzima tulizihamishia upande wa baiskeli zamani, bila kikao wala kura. Chumba kile cha chini ya ardhi kina umeme wa nguvu, bomba la maji na sakafu yenye mteremko, na Eugen alivihitaji vyote. Humo ndimo anamotengenezea pampu.

Wala si pampu za maji. Siku moja niliropoka kwa mgeni wangu kwamba huyu ni fundi wa pampu za maji, Eugen akanitazama kana kwamba nimemtukania mama. Pampu zake ni za kupuliza petroli kwenye injini, za magari yaliyoundwa kabla ya kompyuta kuingia garini. Siku hizi mafundi wengi wakiona pampu hiyo wanafunga boneti na kukushauri ununue gari jingine. Wenye busara wanakuelekeza kwetu, kwa Eugen, kijijini chini ya milima ya Alb.

Mimi si mtu wa magari. Gari kwangu ni kitu cha kubebea viazi. Lakini kuna siku nilikuwa nadeki ngazi, Eugen akapita na pampu iliyofunguliwa, ameibeba kifuani, nami nikamuuliza kwa dharau kidogo kilichomo ndani kinachomfanya aibembeleze hivyo. Akaiweka kwenye ngazi yangu yenye maji, akanionyesha. Nilikaa palepale na deki nikaisahau.

Ndani mna kipande cha chuma chenye umbo la peasi. Kinazunguka na kusogea, na juu yake panapita kidole kidogo cha chuma kikipapasa. Kila bonde na kila kilima kwenye ngozi ya lile peasi ni jibu: gari likienda mwendo huu, na mguu wa dereva ukiwa hapa, petroli iwe kiasi hiki. Mtu alikaa akayafikiria majibu yote hayo, kisha akayachonga kwenye chuma! Pembeni kuna kikopo kilichofungiwa hewa. Gari likipanda mlimani, hewa ya nje inapungua nguvu, kikopo kinavimba, na kuvimba kwake kunaipunguzia injini petroli. Yaani pampu inajua kwamba umepanda mlima, na haina hata waya mmoja. Nilisema "Mungu wangu" kwa Kiswahili, na Eugen, ambaye hajui Kiswahili, akaitikia kwa kichwa.

"Na bado hujaona vijiti," akasema.

Vijiti ndio moyo wenyewe. Injini ya silinda sita ina vijiti sita, vya chuma, vifupi kuliko kidole changu cha mwisho, na kila kimoja kina ala yake kama kisu. Kijiti kinapanda na kushuka ndani ya ala na kusukuma petroli. Hakuna mpira wala pete ya kuzuia kuvuja. Kinachozuia ni kule kukaa kwavyo tu, kijiti na ala, karibu kiasi kwamba ukikishika kijiti mkononi kwa muda, joto la mkono wako linakitanua na hakiingii tena mpaka kipoe. Eugen alinishikisha kimoja nijaribu. Nikashindwa kukirudisha, akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu.

Kila kijiti kilisagwa pamoja na ala yake tangu kiwandani. Ukikitia kwenye ala ya mwenzake kitavuja, au kitakwama. Na hakuna alama inayokwambia kipi ni cha nani.

Eugen alikuwa kwenye ukumbi wa kupimia wa kiwanda cha pampu tangu ujana wake mpaka ukumbi ulipofungwa. Siku ya kuondoka wenzake walichukua picha za ukutani. Yeye aliomba benchi la kupimia, mashine nzito ya kijani yenye mota na mirija ya kioo iliyosimama wima, akalileta nyumbani kwenye tela la trekta la binamu yake. Sieglinde, mkewe, aliposikia muungurumo uani alitoka na aproni.

"Hicho kitu kinaingia wapi?"

"Chumba cha kufulia."

"Na nguo?"

"Nguo zitajua pa kwenda," Eugen akajibu. Na kweli zilijua.

Basi hivyo ndivyo walivyoishi. Yeye chini na pampu zake, Sieglinde juu na ufagio. Sijaona mtu anayependa ufagio kama Sieglinde, na nimekaa nchi ambayo mtu asiyefagia mbele ya mlango wake anasemwa mpaka kwenye duka la mikate. Nyumba yetu ina wiki ya ufagio: kibao cha mbao kinatundikwa kwenye mlango wa mwenye zamu, naye anafagia na kudeki ngazi, njia, na vyumba vya chini. Zamu yangu ikifika, Sieglinde hupitisha kidole nyuma yangu kwenye kingo za madirisha. Hasemi kitu. Anakitazama tu kile kidole, ushetani mtupu. Lakini meza ya Eugen hakuwahi kuigusa. Alifagia mpaka miguuni pa meza, akaishia hapo.

Halafu Eugen akaugua. Saratani, na dawa ya dripu kwa miezi. Dawa iliuondoa ugonjwa, tukashukuru wote, ila iliondoka pia na ncha za vidole vyake. Vilikuwepo, vyekundu na vinene kama zamani, lakini havikuhisi. Alifunga vifungo vya shati kwa kuvitazama kwenye kioo. Siku moja, akiwa chini, alinyoosha mkono kumpa Sieglinde skrubu na mkono ulikuwa mtupu. Ilikuwa imemponyoka kwenye ngazi naye hana habari.

Siku nyingi zikapita. Kisha akampigia simu bwana mmoja wa mji wa Ulm mwenye mkahawa, aliyekuwa akilitamani lile benchi kwa muda mrefu. Bwana huyo alitaka kuliweka mkahawani kwake, liwashiwe taa nyuma ya mirija, wateja wapige nalo picha.

Sieglinde alikuja kwangu akiwa amevimba kwa hasira. "Anataka kulipeleka likawe pambo la watu wanaokunywa kahawa! Nilimwambia, Eugen, bila benchi utakaa sebuleni unitazame mimi, na ukinitazama mimi mwaka mzima utakufa."

"Akasemaje?"

"Akasema fundi asiyejua kama ameshika kitu au hajashika, si fundi."

Wakaafikiana jambo moja. Chini kulikuwa na pampu ya mwisho, ya Adelheid Vollmer, mkunga mstaafu aliyezalisha nusu ya kijiji, mtoto wa Sieglinde mwenyewe akiwemo. Gari lake dogo la wazi, la viti viwili, lilikuwa limelala ghalani miaka mingi, petroli ikaganda kama gundi na vijiti vikanasa. Eugen angeitengeneza pampu hiyo. Injini ikiwaka na kutulia inavyopasa, benchi libaki. Isipotulia, bwana wa Ulm alipakie kwenye lori lake. Siku ikawekwa, Jumamosi ya wiki ya pili.

Ijumaa ya wiki ya kwanza, siku nane kabla ya siku hiyo, Eugen alikuwa amevitoa vijiti vyote na kuvisafisha. Kawaida yake, tangu kiwandani, ni kukirudisha kila kijiti ndani ya ala yake papo hapo, na kila jozi ndani ya kikopo chake. Safari hii vidole vilikataa. Alijaribu kuingiza kimoja mpaka jasho likamtoka, akaogopa kukikwaruza. Basi akaviacha juu ya kitambaa, kila kijiti kando ya ala yake, mafuta yakichuruzika mezani na kudondoka sakafuni. Akapanda kulala bila kumwambia mkewe, maana angesema nini?

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, na kibao kilikuwa mlangoni kwa Sieglinde.

Mimi nilishuka kuchukua baiskeli, nikamkuta Eugen amesimama mlangoni pa chumba chake. Sakafu iling'aa. Meza iling'aa. Kitambaa kilikuwa kimefuliwa na kuanikwa kwenye kamba. Na juu ya meza palikuwa na mabakuli mawili meupe ya jikoni. Kwenye moja, ala sita, zimekaushwa vizuri. Kwenye jingine, vijiti sita, vimelazwa sambamba kama sigara.

Sieglinde alitokea nyuma yangu na ndoo, uso umejaa furaha. "Ulikuwa umeacha zizi la nguruwe humu, mzee. Mafuta mpaka kwenye shimo la maji! Nikasema safari hii nakusaidia. Nimevipanga, vya aina hii huku, vya aina ile kule."

Eugen aliyatazama mabakuli. Mimi nami nilielewa mara moja, kwa sababu niliwahi kukaa kwenye ngazi nikafundishwa, na nikajikuta nimemshika Sieglinde mkono.

"Vilikuwa jozi," Eugen akasema hatimaye. Hakupaza sauti.

Ndoo ikaanguka. Sieglinde alilia kama sijawahi kumsikia, na kilio chenyewe kilikuwa na hasira ndani yake. "Kwa nini hukuvitia kwenye vikopo? Miaka yote unavitia kwenye vikopo! Ningevigusa mimi?"

"Sikuweza," akasema. "Vidole havikuweza, Linde."

Nilipanda juu nikapika kahawa, kwa sababu sikujua kitu kingine cha kufanya. Niliporudi walikuwa wameketi kwenye kreti mbili. Eugen alieleza, kama mtu anayesoma tangazo la mazishi, jinsi jozi zinavyotambuliwa. Unasimamisha ala, unakivuta kijiti nje kidogo, unakiachia. Kikiwa kwake, kinashuka chenyewe kwa uzito wake, polepole, laini, bila kusita. Unakizungusha, unakiachia tena, na kila upande ushuke hivyohivyo. Kikiwa kwa jirani kitakimbia, au kitasita mahali padogo mno.

"Basi si tutakiona?" nikasema. "Macho yako yako mazima."

"Macho yanaona kwamba kinashuka. Hayaoni kinashukaje. Huko kusita kunasikika kwenye ngozi tu."

Nikampa kikombe. Nilikuwa nimekibeba kwa kitambaa, maana ni vile vikombe vyangu vya bati, na kahawa ilikuwa imetoka jikoni sasa hivi. Yeye akakizungushia viganja vyote viwili, akatulia nacho.

"Bwana Eugen! Kikombe kinakuunguza!"

"Eh?" Akakitazama tu. Akakiinua anywe, mdomo ukagusa ukingo, akaruka na kumwaga nusu kwenye suruali. "Ibilisi! Ya moto!"

"Si ndivyo nakwambia!"

Hakunisikia. Alikuwa amekishika kile kikombe mbele ya uso, anajigusa mdomo wa chini kwa kidole kisichohisi. Halafu akakirudisha kikombe mdomoni, taratibu, akagusisha tu, akaondoa. Akagusisha tena. Sieglinde akanong'ona, "Amechanganyikiwa."

"Linde," akasema. "Nawa mikono kwa maji baridi. Baridi kabisa. Chukua ala moja, simamisha. Utie kijiti. Usilazimishe, kikikataa toa."

"Mimi? Mimi nisiguse tena kitu humu ndani mpaka nife."

"Vidole vyako vinatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nawa mikono."

Akanawa. Akatia. Kijiti kikaingia. Eugen akainama mbele yake, macho amefumba, akagusisha mdomo wa chini kwenye ubavu wa ala. "Vuta kidogo. Achia."

Kikashuka. Mimi niliona kijiti kinashuka, basi. Eugen akatikisa kichwa. "Kinasita katikati. Si chake. Lete kingine."

Sijui niseme vipi mlichokosa kuona. Mzee mwenye pua kubwa, amepiga magoti kwenye chumba cha kufulia, anabusu chuma kinachonuka mafuta, na mkewe ameshika chuma hicho kwa ncha za vidole vyake vyote kumi kama anaogopa kitapumua. Mwanya anaoutafuta hauonekani kwa jicho. Unywele ukigawanywa mara nyingi bado ni mnene kwa mwanya huo. Na mdomo uliokula dengu na tambi juzi ulikuwa unausoma!

"Miaka yote hii," Sieglinde akasema wakati fulani, pua imeziba kwa kulia, "mimi hujawahi kunibusu hivyo."

"Wewe hujawahi kutulia hivyo," akajibu, macho yamefumbwa bado.

Jumapili haziruhusiwi kelele huku kwetu, na kazi ile haina kelele, kwa hiyo waliendelea. Vijiti vilipopata joto la mikono walivirudisha kwenye mafuta ya baridi na kungoja. Kufikia jioni, kila kijiti kilikuwa kimepewa ala, na midomo ya Eugen ilikuwa imechubuka. Swali lilikuwa kama midomo hiyo imesema kweli. Jibu liko kwenye benchi, na benchi linanguruma, basi ikabidi tusubiri Jumatatu.

Jumatatu sikwenda kazini mpaka saa nne. Niliomba ruhusa, nikadanganya kidogo. Eugen alifunga pampu kwenye benchi, yaani Sieglinde alifunga na Eugen akaelekeza, akawasha mota. Mirija sita ya kioo ikaanza kupokea mafuta ya kupimia. Mitano ikapanda pamoja, kimo kimoja, kama askari. Wa nne ulibaki nyuma kidogo.

Sieglinde akaziba mdomo. "Nimekiharibu."

"Hapana," Eugen akasema. "Ingekuwa jozi mbaya, ungebaki nyuma zaidi mota ikienda polepole, na miwili ingebaki, siyo mmoja. Huo ni wa kurekebisha tu. Shika bisibisi. Kushoto kidogo. Nusu ya kidogo hicho."

"Nusu ya kidogo ni nini?"

"Fikiria kuzungusha, halafu usizungushe."

Akafikiria. Wakamwaga, wakawasha tena, na mirija yote sita ikapanda sawasawa, mafuta ya dhahabu ndani ya kioo, mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Wakabadilisha mwendo, mstari ukabaki umenyooka. Nilipiga makofi peke yangu. Wale wawili walitazama tu, kama watu walioko kanisani.

Lakini benchi si gari. Jumamosi ilipofika, gari la mkunga lilikuwa uani, pampu imefungwa mahali pake, maua yamechanua ukutani. Bwana wa Ulm alikuwa amefika na lori, mikanda ya kufungia mzigo begani. Si mtu mbaya. Alisalimia vizuri, akasema atangoja.

Mkunga Adelheid aliketi kwenye usukani, mgongo umenyooka. "Haya, Eugen. Nimepokea watoto waliotanguliza miguu. Sitaogopa hili."

Akazungusha ufunguo. Injini ilikohoa, ikatema moshi wa buluu, ikazima. Akazungusha tena. Ikashika, ikayumba, kisha ikajikusanya na kutulia.

Eugen akaenda mbele, akaweka kiganja juu ya boneti. Alisimama hivyo, na nikauona uso wake ukisawijika. Pampu ikiwa mbovu, mtetemo wa injini unakuja mpaka kwenye boneti, hilo hata mimi nalijua sasa. Lakini mkono wake ule usingejua. Gari lingeweza kuwa linaruka kama mbuzi naye asihisi.

"Sihisi kitu," akasema, kwa sauti ya chini sana.

Sieglinde akavua glavu ya bustani, akaweka kiganja chake kando ya cha mumewe. Akafumba macho. Akasogeza mkono hapa, akausogeza pale, akaurudisha.

"Unahisi nini?" Eugen akauliza.

"Ngoja."

"Linde, niambie."

"Sihisi kitu."

"Usinidanganye."

"Nikudanganye mimi, niliyetumbukiza vitu vyako kwenye bakuli la saladi? Sihisi kitu, Eugen. Imetulia kama meza."

Bwana wa Ulm alikohoa kwa adabu, akauliza kama aanze kupakia.

"Kahawa utapata," Sieglinde akamwambia, bila kugeuka. "Benchi hupati."

Eugen naye hakugeuka. Alikuwa analia waziwazi, mbele yetu sote, na kiganja chake kilibaki palepale juu ya boneti, kando ya cha mkewe.